PIKIPIKI YA MZEE: TUINUNUE AU TUIACHE?

Ndugu wafanyakazi, katika sehemu hii ya nchi jirani mmezoea kusoma habari za mishahara, mikataba na wenzetu waliofukuzwa kazi. Safari hii tunawaletea habari ya pikipiki kuukuu. Msidhani tumeishiwa na mambo. Kwa majuma saba pikipiki hii ilizungumzwa katika tawi letu kuliko nyongeza ya mshahara, na waliokuwa hawasemi mikutanoni walisema.

Sisi ni wa tawi la shamba moja la miwa mashariki mwa Uganda. Kambi zetu ni kumi na moja, na kutoka ile iliyo karibu na kiwanda mpaka ya mwisho kule bondeni ni kilomita 30. Kiongozi wa tawi akiitwa bondeni kwa sababu mkataji amejikata panga na hakuna aliyemfikisha zahanati, au kwa sababu nyapara ameongeza mistari katika taski bila makubaliano, ana njia tatu: miguu, baiskeli ya kuazima, au bodaboda ya kulipia. (Wenzetu wa mbali wajue kwamba jina la bodaboda ni la huku kwetu mpakani. Lilianza Busia, kwa vijana waliobeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha Kenya hadi kituo cha Uganda.) Bodaboda ya kwenda na kurudi bondeni humaliza ada ya wanachama wengi kwa siku moja. Ukienda kwa miguu unafika jioni, nyapara amekwisha kufunga daftari.

Basi tulikubaliana kuchanga. Kwa miezi kumi na sita wanachama walitoa kidogo kidogo, wengine Sh 500, wengine Sh 1,000, kila mtu akapewa risiti. Zikafika Sh 3,200,000. Dukani tuliambiwa pikipiki mpya ya Bajaj Boxer ni zaidi ya shilingi milioni tano. Ziko kampuni zinazokopesha, unalipa kila juma. Lakini vijana wetu wengi walioacha kukata miwa wakaenda kuendesha bodaboda wanaijua habari hiyo. Ukishindwa majuma mawili matatu wanakuja kuichukua, na ulichokwisha kulipa hakirudi. Fedha za wanachama hatukutaka kuziweka mahali pa namna hiyo.

Hapo ndipo tulipoletewa habari ya mzee.

MASHINE YENYEWE

Mzee huyu wengi wetu tunamwita baba. Aliajiriwa shambani mwaka 1964 akiwa na miaka 17, akaanza kwa kupalilia, akaingia karakana ya matrekta, akawa msaidizi wa fundi. Amestaafu siku nyingi na anakaa nje ya shamba, nyumba ya bati, migomba nyuma. Chini ya magunia, katika kibanda cha mbuzi, ana pikipiki aina ya BSA. Mke wake ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na mzee alitaka kuuza ili apate fedha za kumpasulisha. Akasema bei ni Sh 2,500,000, na kwamba angependa tuinunue sisi wa chama kabla hajawapa wengine.

Tulipofunua magunia, wazee walisimama kimya na vijana wakacheka. Ni chuma kweli kweli. Uzito wake unakaribia kilo 170. Mbele haina zile shokomzoba za mabomba tunazozijua leo, ina fremu ya vyuma iliyoshikwa na springi moja kubwa. Nyuma haina springi hata kidogo, mwendeshaji anasaidiwa na springi za kiti tu. Silinda ni moja, ya sentimita za ujazo 496. Ubavuni mwa injini, baada ya kupangusa mafuta na vumbi, tulisoma herufi WM20 na nambari mbele yake.

Kijana wetu mmoja wa karakana ya kiwanda, mwenye bidii ya kusoma vitabu vya mashine, ndiye aliyetueleza maana yake. Hii ni BSA M20, na herufi W ni ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Mwingereza wakati wa vita vya 1939 hadi 1945. Zilitengenezwa zaidi ya 126,000. Vita vilipokwisha jeshi liliuza nyingi, zikaingia mikononi mwa raia, zikatapakaa hata katika makoloni. Ya mzee ilitumiwa na bwana shamba wa zamani kukagua miwa.

BSA ni kifupi cha jina la kampuni ya silaha ndogo ya Birmingham, iliyoundwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki, na ndiyo maana alama yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Wengi wetu tulidhani ni pikipiki ya askari kwa sababu ya alama hiyo. Kiwanda chake cha Small Heath kilipigwa mabomu na ndege za Wajerumani usiku wa tarehe 19 Novemba 1940, na wafanyakazi 53 waliokuwa kazini wakafa. Kijana alipofika hapo, mama mmoja wa kupalilia aliuliza kama jamaa zao walilipwa. Hatukuwa na la kumjibu, lakini tuliona ameuliza swali la mwanachama.

KUIKAGUA

Tulikwenda Jumamosi mbili. Jumamosi ya kwanza tulimwomba mzee asiiwashe kabla hatujafika. Hili tunalisisitiza kwa kila atakayenunua pikipiki ya mtu, iwe ya 1942 iwe ya mwaka juzi. Muuzaji akiipasha moto injini kabla hujaja, inawaka kwa kiki moja na ugonjwa wake unafichika. Weka mkono kwenye injini kwanza. Ikiwa moto, rudi kesho.

Ilikuwa baridi. Mzee akafungua petroli, akashusha kile kijiti cha mkono wa kushoto ambacho huinua valvu kidogo ili kiki iwe nyepesi, akarudisha nyuma ule mwingine wa kuchelewesha cheche, akapiga kiki. Mara ya nne ikaunguruma. Pikipiki hii haihitaji betri ili iwake, maana cheche hutoka katika magineto inayozungushwa na injini yenyewe. Moshi wa mwanzo ulikuwa mwingi, wa buluu, tukatazamana. Mzee akatuambia tungoje. Mashine hizi huweka oili katika tangi lake la pembeni, na zikikaa bila kutembea oili hushuka polepole chini ya injini. Ukiwasha, ile iliyoshuka huungua kwanza. Kweli, baada ya dakika tano moshi ulipungua, ukabaki kidogo. Kama ungeendelea vilevile tungejua kwamba ringi za pistoni zimekwisha.

Kisha tukazima na kufanya majaribio ambayo hayahitaji chombo chochote. Mmoja wetu mnene alisimama juu ya kiki bila kuinua valvu, na kiki ikamshika kwa muda kabla ya kushuka. Maana yake silinda bado inabana. Tuliinua gurudumu la mbele tukalitikisa upande kwa upande, likacheza. Tukashika ile fremu ya mbele na kuivuta, nayo ikacheza, pini zake zimelika. Tulipitisha kidole penye maungio yote ya fremu kutafuta ufa au mahali palipochomelewa. Tukaona pamoja tu, chini ya kiti, na mzee akatuambia mwenyewe kabla hatujauliza kwamba alipachomelea mwaka 1991. Muuzaji anayetaja ubovu kabla hujauona ni wa kuaminiwa zaidi kuliko yule aliyepaka rangi mpya.

Jumamosi ya pili tuliitembeza. Kijana wetu wa karakana aliipeleka mpaka mlima wa kwenda kambi ya nne, akarudi, akazima, akajaribu kuiwasha hapo hapo ikiwa ya moto. Ikakataa. Akangoja robo saa, ikakataa tena. Ilipopoa kabisa ikakubali. Ugonjwa huu unajulikana sana katika magineto za zamani: waya uliosukwa ndani na kile kifaa cha kuhifadhi umeme huchoka, vikipata joto cheche inapotea. Kuponya kwake ni kusuka upya, na katika wilaya yetu hatukupata fundi wa kazi hiyo.

Fikirini basi, kiongozi wa tawi yuko bondeni saa kumi na mbili jioni, mvua yaja, injini ya moto, haiwaki. Nyapara anapita na trekta anamsalimu.

Kuna na jambo ambalo lilitutia hofu zaidi ya magineto. Katika mashine hii gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Ndivyo Waingereza walivyozitengeneza miaka hiyo. Pikipiki zote wanazoziendesha watu wetu zina gia kushoto na breki kulia. Mtu aliyezoea hizo, akitokewa na ng'ombe au lori la miwa, mguu wake utakwenda ulikozoea, naye atabadilisha gia badala ya kufunga breki. Kijana wetu mwenyewe alifanya hivyo mara mbili siku ile, bahati njia ilikuwa nyeupe. Chombo cha tawi huendeshwa na katibu leo na mweka hazina kesho. Si cha mtu mmoja aliyekizoea miaka arobaini.

HESABU

Tukakaa chini tukapiga hesabu. Mizunguko miwili kwa juma ni kilomita 120. M20 hutembea kilomita kama 20 kwa lita, hivyo ni lita sita. Tukiweka petroli Sh 5,000 kwa lita, ni Sh 30,000 kwa juma. Boxer ndogo, hata tukiihesabia kilomita 50 tu kwa lita, haizidi Sh 12,000. Tofauti ni Sh 18,000 kila juma, na kwa mwaka ni Sh 936,000. Kwa miaka mitatu rahisi yake imekwisha kuwa ghali.

Vipuri navyo. Matairi yake ni ya inchi 19, na maduka ya sokoni kwetu yamejaa ya inchi 17 ya Boxer. Nati zake ni za vipimo vya Kiingereza vya zamani, spana za namba 10, 12 na 14 hazikai vizuri, zinazila kona. Mzee ana spana zake katika mfuko wa turubai, kila moja ameipaka mafuta, na alisema angetupa pamoja na pikipiki. Lakini spana si kipuri. Pistoni, klachi, sehemu za kabureta hupatikana Uingereza kwa watu wanaotunza mashine za zamani, nawe ulipe kwa pauni, na usafiri, na ushuru.

Kwa nini hazitengenezwi tena? Hapa tunatoka kidogo njiani, lakini wasomaji wa gazeti hili watatusamehe. Kampuni ya BSA ilikuwa moja ya kubwa kabisa duniani kwa pikipiki, na tangu 1951 ilimiliki pia Triumph yenye kiwanda Meriden, mwendo mfupi kutoka Birmingham. Mwaka 1973 ilianguka, ikaunganishwa na kampuni nyingine. Mwezi Septemba mwaka huo huo wakubwa wapya wakatangaza kuufunga Meriden. Wafanyakazi hawakukubali. Walifunga lango wao wenyewe, wakazuia pikipiki na mitambo isitolewe, wakalinda kwa zamu mchana na usiku kwa muda wa mwaka na nusu hivi. Mwezi Machi 1975, kwa mkopo wa serikali ya chama cha Labour, walianza kukiendesha kama ushirika wao, na mwanzoni wote walilipwa mshahara sawa. Walitengeneza Triumph mpaka mwaka 1983, deni likawashinda. Small Heath penyewe palifungwa. Siku hizi jina la BSA liko mikononi mwa Wahindi wa Mahindra, walionunua mwaka 2016 na kutoa pikipiki mpya yenye jina hilo. Vipuri vyake haviingii katika ya mzee.

Habari hii ya Meriden ilipendwa sana mkutanoni. Mwanachama mmoja wa kiwandani alisimama akasema kwamba chama kinunue BSA kwa heshima ya wenzetu wale. Alipigiwa makofi. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba ya Meriden ilikuwa Triumph, na kwamba heshima hainywi petroli.

KARATASI

Kabla ya yote, mwenye mali ni nani? Anayenunua kitu kwa mtu asiye mwenye mali hapati mali, hata akilipa mbele ya mashahidi kumi. Siku mwenye mali akitokea, utakabidhi kitu na fedha yako utaidai kwa aliyekuuzia, kama utampata. Kwa hiyo tulimwomba mzee karatasi.

Alikuwa nazo mbili. Moja ni kitabu cha pikipiki, kimeliwa na mchwa pembeni, na jina lililomo ni la shamba. Ya pili ni barua yenye muhuri, ya mwaka 1983.

Wenzetu wa Kenya na Tanzania wakumbuke yaliyotupata. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Mashamba na viwanda vyao vikachukuliwa na kuwekwa chini ya watu wengine, wengi hawakujua sukari inapikwaje. Uzalishaji ukashuka mwaka kwa mwaka hadi viwanda vikakaribia kusimama kabisa. Hapa kwetu watu walikaa miezi kumi na minne bila mshahara. Mwishowe waliokuwa na madaraka wakati ule wakaanza kugawa vitu badala ya fedha: huyu mabati, yule pampu, mwingine matairi. Mzee wetu, mwenye miaka 19 ya kazi, akapewa pikipiki ya bwana shamba na barua inayosema kwamba ni kwa ajili ya malimbikizo yake.

Sheria ya kurudisha mali zilizochukuliwa ilipitishwa mwaka 1982, na wenye mali wakaanza kurudi. Hapa kwetu waliporudi, mzee aliajiriwa upya kama mtu aliyekuja jana. Ile miaka 19 haikuhesabiwa. Mfuko wa NSSF tulio nao sasa uliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, hivyo michango aliyopata kwa mfuko huo ni ya ajira ya pili tu. Nayo ilikwisha kwa bati za nyumba na karo za wajukuu.

Mnaona basi mambo yalivyofungamana. Ikiwa waliotoa barua ya 1983 hawakuwa na haki ya kutoa mali ya shamba, pikipiki si ya mzee. Lakini ikiwa pikipiki si ya mzee, basi malimbikizo ya miezi kumi na minne hayajalipwa mpaka leo. Hawawezi kuyakataa yote mawili. Mmoja wetu aliposema hivyo katika kamati, tuliona kwamba kazi ya chama iko hapo, kwenye ile barua, kuliko kwenye injini.

MGENI WA KAMPALA

Tulipokuwa bado tunajadili, akaja mtu na gari dogo. Alikuwa amekwisha kufika mara moja kabla yetu, akamwambia mzee kwamba hicho ni chuma chakavu na kwamba kwa kumhurumia atampa Sh 900,000. Sasa akarudi na Sh 3,000,000 taslimu, saa mbili usiku, na karatasi isiyoandikwa kitu ambayo alitaka mzee aitie sahihi chini. Mzee alimwambia arudi mchana. Hakurudi siku ile.

Chuma chakavu hakipandi bei namna hiyo kwa majuma matatu. Uzito wote ule kwa wanunuzi wa vyuma wa barabarani haufiki hata laki tatu. Kijana wetu wa karakana akatueleza: huko Uingereza M20 inayotembea, nambari za injini na fremu zikiwa ni zile za asili, huuzwa kwa pauni elfu kadhaa. Kuna watu wenye fedha wanaozikusanya kwa sababu ya vita, wanazipaka rangi ya jeshi na kuziendesha siku za sherehe. Ile taa ya zamani, lile tangi lenye kidonda, kile kiti cha springi, ambavyo kwetu vilikuwa dosari, kwao ndiyo thamani.

Mkutano wa Jumapili iliyofuata ulikuwa moto. Upande mmoja walisema: mzee mwenyewe ametaja Sh 2,500,000, tumlipe anachotaka, hatumwibii, kisha tawi liuze kwa watu wa Ulaya, tununue pikipiki mbili mpya na ziada ibaki. Hawa si watu wabaya. Wanachimba mitaro kwa mikono na wamechoka kuona tawi halina kitu. Mmoja alisema kwamba tajiri hununua miwa ya mkulima mdogo kwa bei ya chini akijua ya sukari ni ya juu, wala hakuna anayemshika, kwa nini sisi tujifanye watakatifu?

Akajibiwa na yule mama wa kupalilia. Alisema, "Ndugu yangu, umemtaja tajiri, nami nimekuja mkutano wa wafanyakazi. Huyu baba alidai mshahara wake, akapewa chuma. Leo tena sisi tumpunje kwa chuma kile kile?"

Mweka hazina akaongeza la kanuni: fedha zilichangwa kwa ajili ya usafiri, risiti zote zimeandikwa usafiri, na kamati haina ruhusa ya kufanyia biashara hata kama faida ni ya hakika. Nayo haikuwa ya hakika, kwa karatasi zile. Kura zikapigwa kwa mikono. Waliotaka kununua walikuwa 61, waliokataa 118.

Siku ya pili tulikwenda watatu kumwambia mzee, na tulimwambia yote, pamoja na habari ya pauni. Alikaa muda akiitazama. Kisha akasema, "Wanangu, miaka arobaini nafunika magunia, kumbe nafunika ng'ombe." Mke wake, ambaye alikuwa ameketi mlangoni, akauliza kama ng'ombe huyo anaweza kukamuliwa kabla ya mvua za pili. Hapo tulicheka wote, ingawa swali lake lilikuwa la haki.

YALIYOFANYIKA

Mzee hakutaka kuiuza kwa haraka tena. Tumemwandikia hati ya kiapo mbele ya wakili, ikieleza jinsi alivyopata pikipiki. Mwenyekiti wa LC1 ameandika barua ya kumtambua. Polisi wamesoma nambari za injini na fremu na kuzilinganisha na kitabu, zimekubaliana. Spana, kitabu na barua ya 1983 vimetolewa katika kibanda cha mbuzi, vimewekwa ndani. Mtu yeyote mwenye nia ya kununua ataonana na mzee mchana, wajumbe wawili wa tawi wakiwapo, na mkataba utaandikwa wote kabla ya sahihi.

Kwa upande wetu, tulinunua Boxer iliyotumika kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishwa, kwa Sh 2,700,000. Kitabu ni cha jina lake, tuliikuta injini baridi, tuliipeleka mlima wa kambi ya nne na ikawaka ikiwa ya moto. Habari zake ni hizo tu. Katibu sasa hufika bondeni kabla daftari halijafungwa, na nyapara wa huko hasemi amefurahi.

Katika Sh 500,000 zilizobaki hatukugusa kitu kwa ajili ya mama, maana nazo ni za usafiri. Ulipitishwa mchango mwingine, wa hiari, kambi kwa kambi. Ukapata Sh 410,000. Amepasuliwa jicho moja, na analiona. La pili linangoja.

Kwa shamba tuliandika tukitaka moja kati ya mawili: ama ofisi ikiri kwa maandishi kwamba pikipiki ni ya mzee na haiidai, ama ikae nasi kuhesabu malimbikizo ya miezi kumi na minne na ile miaka 19. Majuma sita yakapita. Karani alipoulizwa alisema barua haikuonekana. Barua ya pili tumeipeleka kwa mkono, nakala mbili, na ya kwetu tumegongewa muhuri wa kupokelewa.